Dawa Isiyokuwa na Kitu

Hamduni alikiinamisha kichupa juu ya kiganja chake mpaka vidonge vyote vikamwagika. Vilikuwa vyeupe, vidogo kama punje za mtama. Akavitia vyote mdomoni kwa mara moja na kuvitafuna huku akimtazama Inspekta Felisiani usoni.

"Hiyo ni dozi ya mwezi mzima," alisema alipokwisha kumeza. "Kaa na mimi hapa mpaka jioni, afande. Nikianguka, nifunge pingu hukohuko chini."

Koplo Yasmin, aliyesimama karibu na mlango, alijifanya anakohoa.

"Vina ladha gani?" Felisiani aliuliza.

"Sukari. Ni sukari iliyodondoshewa dawa, na hiyo dawa yenyewe ukiipeleka kwa mkemia yeyote duniani atakwambia haoni kitu. Ndiyo homeopathia. Sasa mtu atauaje kwa kitu kisichokuwepo?"

Chumba kilikuwa safi, katika mtaa wa Mwisenge mjini Musoma, na ukutani kibali cha tabibu kilitundikwa ndani ya fremu ya kioo. Felisiani alikuwa amekwisha kukisoma. Kilimruhusu Hamduni kutibu na kuuza dawa za homeopathia katika jengo hilo. Basi.

Shida ilikuwa kwamba maneno ya Hamduni yalikuwa na mantiki, na kila alivyozidi kuisafisha dawa yake ndivyo alivyozidi kumkaza kamba mtu mwingine. Mtu huyo aliitwa Magige, mfugaji wa Butiama, aliyekuwa mahabusu tangu jana. Mkewe Dafroza, mwenye mtoto mchanga, alikuwa hospitalini na hamtambui mtu. Uso wake ulikuwa mwekundu na wa moto, midomo imekauka, mboni za macho zimepanuka, na vidole vyake vilichumachuma hewani kama mtu anayechambua maharage. Kaka yake, Chrispin, alikwenda kituoni moja kwa moja na kusema shemeji yake amemlisha dada yake sumu. Magige hakukana kwamba alimnywesha kitu. Alisema ni dawa ya Hamduni.

Kichupa chenyewe kilipatikana, lakini mama mkwe wa Dafroza alikuwa amekwisha kukiosha na kukitia samli. Damu ilipelekwa maabara Mwanza na majibu hayakutarajiwa karibuni. Daktari wa zamu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimwambia Felisiani jambo moja tu: "Niambieni amemeza nini. Hapa natibu nikiwa nimefungwa macho."

"Nieleze inavyotengenezwa," Felisiani alisema, akavuta kiti.

Hamduni alionekana kufurahi kuulizwa. Alieleza kwamba unachukua tone moja la dawa, unalitia katika matone tisini na tisa ya maji na spiriti, unafunga kichupa, kisha unakipiga. Alikipiga kichupa kitupu kwenye kiganja, tu, tu, tu. Kwa kawaida hupigwa juu ya kitu kigumu kiasi, wengi hutumia kitabu chenye jalada la ngozi. Halafu unachukua tone moja la hayo maji, unalitia katika matone mengine tisini na tisa, unapiga tena. Unarudia hivyo mara thelathini.

"Na kila unapoongeza maji dawa inapungua nguvu," Felisiani alisema.

"Inaongezeka."

"Subiri. Ukiongeza maji inakuwa kali?"

"Kali zaidi."

"Mke wangu akiniongezea maji kwenye chai huwa tunagombana."

"Chai siyo homeopathia, afande."

"Na ile ya kwanza kabisa, kabla ya maji? Ina kitu au haina?"

Hamduni alikifuta kichupa kwa ncha ya shati lake kabla ya kujibu. "Ile ni mmea wenyewe uliolowekwa kwenye spiriti. Hiyo ina kitu. Lakini haifiki hapa. Mimi naletewa dawa iliyokwisha kutengenezwa. Sitengenezi, kibali changu hakiruhusu."

"Magige hakuchukulia dawa hapa."

"Alichukulia Nyasura, kule Bunda. Nina dirisha dogo la kuwapunguzia safari wagonjwa wa upande ule. Huyo mama alikuja kwangu akiwa na hofu za usiku tangu ajifungue, anashtuka, anaogopa giza. Nikampa vidonge. Vilipokwisha nikamwambia mumewe akachukue vingine Nyasura. Vidonge, afande. Huyo anayesema alipewa dawa ya maji anadanganya, na wewe unajua kwa nini mtu wa namna hiyo hudanganya."

*

Njiani kwenda Bunda walikata kona na kuingia Butiama. Magige aliletwa kutoka mahabusu. Alikuwa mtu mrefu, mkubwa wa mikono, na aliikunja ile mikono mapajani kama vitu vya kuazima.

"Mama anaendeleaje?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Mama yako mzazi?" Yasmin aliuliza.

"Mama. Mke wangu. Mama Gody." Aliwatazama kama watu wa kuja. "Sisi huku huwaga tunawaita hivyo. Mtu hawezi kumtaja mke wake jina kama anaita mbuzi."

"Yu hai, ila fahamu hazijamrudia," Felisiani alisema. "Nisimulie tena ulipofika Nyasura. Neno kwa neno."

"Nilimkuta binti, amevaa hijabu. Nikamwambia, nimefuata dawa ya mama. Akasema, haya, nilikuwa nakungoja. Akaingia nyuma, akakaa, akatoka na kachupa ka kahawia."

"Ya kwanza ilikuwa vidonge. Hukushangaa?"

"Nilijua wameongeza nguvu. Maana vile vidonge, afande, mimi niliwahi kuonja. Ni peremende."

"Alikwambia umpe kiasi gani?"

"Aliniuliza, unajua matumizi? Nikasema najua. Kwani dawa ya maji inanywewaga namna gani? Kijiko, asubuhi na jioni. Mama akasema ni chungu, inamchoma koo. Mimi ndiyo nikamlazimisha." Aliitazama mikono yake. "Chrispin anasemaga nilitaka kuoa mwingine. Nitaoa kwa nini? Huyu mmoja mwenyewe ananishinda."

Yasmin alipokuwa anawasha gari alisema, "Kama anadanganya, basi anajua kudanganya."

"Mwongo hupika maelezo ya dozi," Felisiani alimjibu. "Huyu anasema hakuambiwa dozi, na kwamba aliulizwa kama anajua matumizi. Nani humuuliza mgonjwa hivyo? Mwenye duka la pembejeo humuuliza hivyo mkulima mzoefu."

*

Dirisha la Nyasura lilikuwa chumba kimoja cha mbele, kaunta na rafu ya vichupa vyenye vidonge vyeupe. Binti aliitwa Mwanahalima. Alikuwa mwepesi wa maneno na wa macho.

"Yule wa Butiama nilimpa vidonge," alisema. "Pakiti iliandikwa Mama Gody, niliiandika kwa mkono wangu huu. Naapa. Hata nikiletewa msahafu naushika."

"Mlango wa nyuma unaelekea wapi?"

"Stoo. Ufunguo anao mzee Hamduni."

Felisiani alimshukuru, akatoka. Barazani palikuwa na fundi cherehani aitwaye Gabriel, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yasmin alikuwa ameketi pale, anashonewa kifungo cha mkono wa shati.

"Shikamoo mzee," Felisiani alisema.

"Marahaba. Mmekuja kwa ajili ya kelele?"

"Kelele gani?"

"Za hao jirani zangu. Wanapigapigaga kule nyuma. Tu, tu, tu, wanapumzika, tu, tu, tu. Mwanzoni nilidhani wanatwanga karanga, nikasema leo tutaonjeshwa. Nikangoja harufu. Wapi! Hawa ni wachoyo hata wa harufu."

Yasmin alimtazama Felisiani. Mahali pa kuuzia tu hapana sababu ya kupiga kitu.

Walizunguka nyuma ya nyumba. Uani, juu ya gunia lililotandazwa juani, palikuwa na majani yaliyokauka na matunda ya kijani yenye miiba, makubwa kama mayai ya kuku, mengine yamepasuka na kumwaga mbegu nyeusi. Felisiani alinyoosha mkono. Yasmin akamdaka kiwiko.

"Usishike halafu ukajipangusa macho, afande. Mnanaha huo. Unaotaga mazizini. Bibi yangu alikuwa anatuchapa tukichezea hata maua yake."

"Mtu akila?"

"Anaongea na watu wasiokuwepo. Anachumachuma hewani."

Felisiani alipiga simu hospitali palepale. Daktari alisikiliza, akauliza rangi ya mbegu, kisha akasema, "Inalingana na kila ninachokiona hapa. Naanza sasa hivi. Kwa heri." Na simu ikakatika.

"Basi tumemaliza," Yasmin alisema.

"Bado. Tumemfunga Magige vizuri zaidi." Felisiani alilitazama gunia. "Umesema mwenyewe, mnanaha huota mazizini. Magige ana zizi. Chrispin akisikia neno hili atasema shemeji yake hakuhitaji kwenda Bunda, aliuchuma mlangoni kwake. Na binti anaapa alimpa vidonge. Mmoja kati yao lazima awe anadanganya, au wote wawili wanasema kweli."

"Wote wawili? Inawezekanaje?"

"Sijui. Ndiyo maana tunarudi ndani."

Mwanahalima alipoliona tawi la mnanaha mkononi mwa Yasmin, likiwa limeviringishwa kwenye gazeti, ule wepesi wa maneno ukampungua.

"Siku ile alipokuja mtu wa Butiama," Felisiani alisema, "alikuja nani mwingine?"

"Wateja wawili watatu."

"Mwanaume. Mgeni kwako."

"Alikuja mtu wa Murangi. Lakini yule siyo mgonjwa, yule alifuata dawa ya mama."

Felisiani aliinua mkono taratibu, kama mtu anayezuia magari.

"Dawa ya nani?"

Binti aliinamia kaunta.

"Mwanahalima mdogo wangu," Yasmin alisema kwa sauti ya chini, "kuna mwanamke hospitalini ana kichanga. Na kuna mtu amelala sakafuni kituoni. Sema."

"Siyo mama mtu." Alikuwa anaangalia kaunta. "Ndivyo tunavyoiita. Ile ya kwanza, kabla haijatiwa maji. Mzee anasema ndiyo inayozaa zote, kwa hiyo ni mama. Kuna kijana huko Murangi anatutengenezea dawa na yeye, huwaga anatumiwa ya mama anakwenda kuichanganya mwenyewe. Mzee alinipigia simu akasema, leo watakuja wawili, mmoja wa dawa ya mama, mmoja wa vidonge vya Mama Gody. Ufunguo akaniachia kwa fundi Gabriel."

"Ulikuwa unawajua kwa sura?"

"Hata mmoja. Mimi nina wiki chache tu hapa."

"Aliyetangulia alisemaje? Neno kwa neno."

"Alisema, nimefuata dawa ya mama."

Cherehani ya Gabriel ilisikika ikikimbia nje.

"Na wewe ukamuuliza kama anajua matumizi."

"Ndiyo, maana si mtengenezaji? Akasema anajua."

"Wa pili?"

"Wa pili alisema ametumwa mzigo na mzee Hamduni. Nikajua basi huyu ndiye aliyebaki, nikampa ile pakiti ya..." Aliweka kiganja juu ya mdomo.

"Nipe namba ya huyo wa Murangi," Felisiani alisema. "Na wewe usimpigie mtu."

Mtu wa Murangi aliitwa Amos. Felisiani aliweka simu juu ya kaunta ili wote wasikie. Nyuma ya sauti ya Amos kulikuwa na watu wanabishana bei ya sangara.

"Napiga kutoka Nyasura," Felisiani alisema bila kujitambulisha zaidi. "Nauliza kama mzigo wako ulikuwa sawa."

"Sawa!" Simu ilitetemeka. "Ninyi watu mna akili? Naagiza dawa ya mama mnanifungia vidonge, tena pakiti imeandikwa Mama Gody! Mke wangu kaikuta mfukoni. Nimemwambia simjui Mama Gody, sijawahi kumwona Mama Gody. Mura, ndugu yangu, nyumbani sasa nalala na kuku!"

"Pakiti unayo bado?"

"Anayo yeye. Ameificha, anasema ni ushahidi."

"Mwambie aitunze vizuri," Felisiani alisema. "Ni ushahidi kweli. Askari watakuja kuichukua, naye ataambiwa kwamba huna hatia. Kwa hiyo ya Mama Gody tu. Ya kutengeneza dawa tutaongea."

*

Hamduni alifika Nyasura alasiri, akiwa ameitwa kwa simu na kuambiwa kuna tatizo la kufuli. Aliwakuta mlango wa stoo uko wazi. Pamoja na Felisiani na Yasmin alikuwepo mratibu wa tiba asili na tiba mbadala wa wilaya, ambaye alikuwa anaandaa lakiri ya kufungia mlango. Mezani palikuwa na kitabu kinene chenye jalada la ngozi, na katikati ya jalada hilo palikuwa pamebonyea na kung'aa kwa kupigwa. Kando yake ulisimama mtungi wa kioo wenye maji ya rangi ya chai ya rangi.

Felisiani alichovya kijiko cha chai katika mtungi, akakiweka juu ya kisahani, akakisogeza mbele ya Hamduni.

"Karibu."

Hamduni alikitazama kijiko.

"Asubuhi ulimeza dozi ya mwezi mzima," Felisiani alisema. "Hiki ni kijiko kimoja. Mwenye kunyonyesha alipewa kijiko, asubuhi na jioni."

"Afande..."

"Mtu atauaje kwa kitu kisichokuwepo?"

Hamduni aliketi. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti. Kijiko hakukigusa.

"Ina kitu," alisema hatimaye.

"Sikusikia."

"Nimesema ina kitu. Ni mnanaha. Dawa za kutoka nje zilikuwa zinachelewa, wagonjwa wananingoja. Mmea ni uleule, umejaa kote huku bure. Nilitengeneza nje ya kibali, nakubali, nishitakiwe kwa hilo. Lakini sikumpa mtu sumu. Ni yule binti ameshindwa kusikia."

"Binti alisikia vizuri sana. Alisikia ulichomfundisha." Felisiani alikirudisha kijiko mtungini kwa uangalifu. "Na mimi sikukamati kwa sababu ya kosa la neno. Asubuhi nilikuuliza juu ya ile ya kwanza, ukasema haifiki kwako. Ulijua iko hapa. Ulijua Magige anasema alipewa ya maji. Ungenijibu ukweli pale Mwisenge, daktari angeanza kutibu asubuhi. Badala yake ukala peremende mbele yangu."

Hamduni aliivaa kofia yake. Yasmin akamshika mkono, akamwinua kwa adabu kama anavyoinuliwa mtu mzima msibani.

*

Kesho yake Felisiani alimpeleka Magige hospitalini mwenyewe. Chrispin alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, amempakata Gody kichanga aliyelala, na kando yake kulikuwa na chupa ya maziwa ya kopo. Mashemeji wawili walitazamana. Chrispin alisogea mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Magige alimgusa mtoto shavuni kwa kidole kimoja, lakini hakuketi. Alikwenda mpaka mlango wa wodi, ambako muuguzi alimzuia kwa mkono.

"Saa ya kuona wagonjwa bado, baba. Unamtaka nani?"

"Nimekuja kumwona ma..."

Aligeuka nyuma akamtazama Felisiani. Felisiani alikuwa anasoma tangazo la chanjo ukutani, kwa makini kuliko lilivyostahili. Magige alikohoa, akarekebisha kola ya shati lake.

"Dafroza," alisema.

Kutoka ndani, kitanda cha tatu karibu na dirisha, sauti iliyokauka kama jani ilijibu:

"Nani huyo ananitaja jina mbele za watu?"